Inasema, ila si yenyewe

Mzee wa Igoma, hapa Mwanza, alikuja Jumanne kuchukua redio yake niliyomtengenezea. Mnaijua, ile ya mbao, ya mawe (betri) sita, iliyokuwa haisemi mpaka uipige kofi. Akaipakata, akaifungua, akazungusha taratibu hadi akamshika mtu anasoma taarifa kwenye mawimbi mafupi. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akasema:

"Inasema. Ila si yenyewe, mwanangu."

Nikamwambia, "Ni yenyewe, mzee. Mbao yake, spika yake, hata kamba ya mshale wa stesheni ni ile ile."

"Haya," akasema. Akalipa, akaaga.

Hilo "haya" sijalimaliza. Angenigombeza ningejibu. Kazini ameripoti bosi mpya, Jumamosi tumezika Sengerema (daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, Mungu awape heri waliolijenga), na katikati ya yote hayo mimi nipo kwenye "si yenyewe, mwanangu". Si yenyewe kwa vipi?

Kwa mnaouliza kila mara redio za umri ule zinaugua nini, sehemu kubwa ya lawama ni ya transista (vile vipande vya kukuza mawimbi) za AF117 na ndugu zake, AF114 hadi AF116. Zina miguu minne. Wa nne umeshikana na kopo la chuma, nao ni ngao tu ya kuzuia mawimbi yasiingiliane. Ndani ya kopo bati huota nywele za metali, nyembamba mno, na unywele ukigusa kiungo cha ndani, sauti inakufa. Ukiipiga redio kofi unywele unahama, redio inafufuka, kesho inakufa tena. Watu hubadilisha spika, swichi, waya wa betri, wanakula hela ya mteja bure. Kata mguu wa ngao, basi. Kisha weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) upime kati ya kopo na ile miguu mitatu. Mita ikisoma chochote, umemkamata mwizi. Transista haihitaji ngao ili ifanye kazi, kwa hiyo mara nyingi redio inaamka hapo hapo. Isipoamka, huenda nywele zimegusa viungo viwili kwa pamoja, na kopo lenyewe limekuwa daraja kati yao. Hiyo ng'oa, weka nyingine.

Ukichoma risasi ya kuunganishia waya, bana mguu wa transista kwa koleo kati ya moto na mwili wake. Hizi ni za jemani (germanium), hazivumilii joto kama silikoni za siku hizi. Sekunde tatu, toa mkono.

Zinazofuata baada ya transista ni kapasita za maji, vile vikopo vinavyotunza umeme. Zinakauka hata redio ikiwa kabatini. Ile ya kutuliza umeme wa betri ikikauka, redio inapiga put-put-put kama injini ya mtumbwi, na ukiongeza sauti ndiyo inazidi. Hapo kuna mtego uliokwisha wakamata mafundi wengi wa simu: redio nyingi za jemani, chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi (fremu ya chuma). Aliyezoea vifaa vya leo anaweka hasi ya kapasita kwenye chasisi kwa mazoea, na kapasita inachemka. Fuata alama ya ile ya zamani kabla hujaing'oa. Piga picha na simu.

Baada ya hapo pima pale transista mbili za mwisho zinapokutana. Kwenye redio ya volti 9 unatakiwa upate 4.5 hivi. Ikiwa imeegemea sana upande mmoja, usiifunge, utairudia. Iache iseme kwa saa nne mfululizo, upime tena ikiwa moto, maana jemani hubadilika na joto.

Yote hayo yalifanyika kwa redio ya mzee. Sasa, "si yenyewe" imetoka wapi?

Alhamisi usiku nikaenda kwenye kopo ninakotupia vitu vilivyong'olewa, nikatafuta ile kapasita inayopeleka sauti kwenye spika. Imeandikwa maikrofaradi 250, yaani uwezo wake wa kutunza umeme. Nikaipima: 40. Na hapo ndipo nilipoanza kucheka peke yangu, Mama Neema akauliza kuna nini, nikamwambia nimempata mzee.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua 159,000, gawanya kwa omu za spika, gawanya tena kwa maikrofaradi za kapasita. Jibu ni hezi, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde. Sauti nzito za chini ya namba hiyo zinaanza kupotea. Spika ya omu 8 na kapasita ya 250: unapata kama 80. Kifua chote cha msomaji taarifa kinapita. Spika ile ile na kapasita iliyokauka ikabaki 40: unapata kama 500. Besi hakuna. Inabaki pua na meno, sauti ile kavu, kali kidogo, inayosikika hata ukiwa shambani na redio iko barazani.

Kapasita haikaukii siku moja. Ilikuwa inapungua kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na mzee yupo pale pale anaisikiliza. Hakuna siku aliyoona imebadilika. Mimi nikamrudishia redio kama ilivyotoka kiwandani, sauti nene, na redio ya namna hiyo pengine hajaisikia tangu ujanani. Ana haki yake kabisa. Fundi mwenzangu wa Makoroboi nilipomsimulia alisema, "Sasa utamharibia tena ili afurahi?" Ndiyo. Kwa nini nisimharibie? Yeye ndiye anayeisikiliza.

Lakini nitaiharibu kwa adabu. Kapasita ya 47 inabaki imefungwa moja kwa moja kwenye njia ya spika, hiyo inakata kwenye 420 hivi, karibu kabisa na alivyozoea. Sambamba nayo naweka ya 220 kupitia swichi ndogo nyuma ya mbao, pale penye tundu la skrubu iliyopotea. Akiwasha swichi anapata redio ya kiwandani, akizima anapata yake. Swichi yenyewe naipitishia rizista (kizuia umeme) ya omu 1,000 ubavuni, ili ile ya 220 ibaki imejaa muda wote; bila hiyo kila akibonyeza spika itapiga kishindo. Na kwa kuwa chanya iko kwenye chasisi na spika imerudi huko huko, upande wa chanya wa kapasita unatazama spika. Nimejaribu kwenye redio yangu ya mezani. Msomaji taarifa akawa mwembamba ghafla, na nyumba nzima ikanukia miaka ya themanini.

Tuje jikoni, maana saa nne za kujaribu redio ndizo saa nne za maharage kwenye kapu la kupikia bila moto, na wengi mmeuliza kwa nini yenu yanatoka magumu. Maharage nusu kilo, yachague, yaloweke usiku kucha, maji yake mwaga. Weka maji mapya yapite maharage kwa vidole viwili, yachemke kwa nguvu dakika 20. Hapo msipunje: maharage mekundu yana sumu ambayo joto la polepole la kapu haliiui, inataka mchemko wa kweli usiopungua dakika 10. Kisha ufunike, usifunue kuchungulia, sufuria iingie kwenye kapu lenye mito ya pumba za mpunga chini, pembeni na juu. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Yakiwa kidogo chini ya sufuria kubwa, joto linakimbia na ndiyo hayo magumu mnayolalamikia. Baada ya saa nne au tano yachemshe tena, uyaunge kwa karanga na chumvi. Mkaa uliotumika ni wa chai mbili.

Magadi sitii. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, na yakizidi unakula sabuni. Magadi yangu yanakaa kwenye sanduku la vifaa. Betri za kawaida za zinki zikivuja, kile kinachotoka kina asidi, kwa hiyo kijiko kimoja cha magadi kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, mswaki wa zamani, sugua vishikio vya betri, futa, kausha kabisa. Betri za alkalini ni kinyume chake, hizo zinataka ndimu au siki. Ukibadilisha dawa hakuna kitakachotokea zaidi ya kulowanisha redio.

Dagaa wiki hii wamekuwa adimu. Mbalamwezi imekuwa kubwa, karabai hazivuti kitu, na soko la Mwaloni bei imepanda kama kawaida yake. Nilionao ni wale wa giza lililopita, waliokaushwa kwenye vichanja. Waliokaushwa mchangani nimeacha kununua hata wakiwa rahisi. Ukishaosha mchanga umeshalipia mchanga. Kama ndio mlionao, walowekeni kwenye maji ya uvuguvugu na muwatoe kwa mkono kutoka juu. Msimwage kwenye chujio, mchanga wote uliotulia chini utarudi juu yao.

Mzee nimempigia, anakuja Jumapili baada ya misa. Sijamwambia kuna nini, nimesema tu ailete.

Jambo lingine. Mvua ya juzi imekula udongo chini ya lile jiwe kubwa lililo juu ya choo cha jirani, upande wa Mabatini. Nimepanda asubuhi kuangalia, mkono wangu mzima unaingia chini yake, na wiki iliyopita haukuingia. Chini yake kuna vyumba viwili vya wapangaji, na kimoja kina watoto. Mwenye nyumba anasema jiwe lile lipo tangu babu yake. Kesho namwahi mwenyekiti wa mtaa kabla hajatoka, maana mawingu yameanza kujikusanya tena upande wa ziwani.