Soya ya porini na chumvi ya kisimani

Ukilima huku Malindi kuelekea Gongoni hii unaijua, maji ya kisima yana chumvi, unamwagilia mboga leo, baada ya siku chache majani yashaungua pembeni, na mbolea utie usitie ni yale yale. Ndo maana hii stori ya soya imenikaa kichwani.

Soya asili yake ni China, na ndugu yake wa porini bado yuko huko, Korea na Japani pia. Ukimwona utamdharau wallahi, kamba kamba zinatambaa kwenye nyasi, mbegu nyeusi ngumu, ukipima mia kawaida hata gramu 3 hazifiki na hizi za shambani mia ni kama gramu 15 na kwenda juu. Halafu maganda yakikauka yanapasuka yenyewe, kama pojo ukichelewa kuchuma jua likapanda.

Wazee wa zamani wakachagua zile nono zisizopasuka, na walifanya vizuri, nani atakula changarawe? Ila ukichagua kuna vitu unaviacha nyuma. Mwaka 2014 watafiti wa Hong Kong na China wakatoa matokeo, kuna jeni, yaani kipande cha DNA kinachobeba urithi, inaitwa GmCHX1 inayosaidia chumvi isijae kwenye majani. Kwenye ile ya porini waliyoipima iko nzima. Kwenye aina nyingi za shambani kuna kipande kingine cha DNA kimejichomeka katikati, jeni imekufa, na shamba likiwa halina chumvi nani atajua!

Kuzichanganya inawezekana, zote zina kromosomu 40, zile nyuzi zinazobeba jeni, lakini ua la soya hujichavusha kabla halijafunguka, kwa hivyo unafungua tumba na kibano, unang'oa vya kiume, unapaka chavua ya porini. Mtoto naye anarithi mpaka kutambaa na kupasuka, ikabidi umchanganye tena na ya shambani kizazi baada ya kizazi mpaka ubaki na ile jeni unayoitaka.

Mimi soya silimi, huku ni kunde na mihogo. Lakini kunde mwitu zipo hapa hapa pwani, yale manyuki meusi yanayotoboa boriti ndo yanazichavusha, na sisi tukisafisha shamba tunafyeka tu. Jamani mnaotunza hazina ya mbegu kule Muguga, mkija kukusanya piteni Gongoni wanakovuna chumvi, kama kuna kunde inayoijua chumvi si itakuwa ya huku?