Kujifunza Mitishamba kwa Babu, Milima ya Amani

Ukitoka Muheza kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, gari hupita kwanza kwenye mitiki ya Longuza iliyopandwa mistari mirefu, kisha Kisiwani, kisha geti la hifadhi pale Sigi. Baada ya hapo ni kupanda tu, kona baada ya kona. Joto la Tanga unaliacha chini, vioo vinafungwa, na abiria waliokuwa wakijipepea wanaanza kutafuta makoti. Huku mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mto Zigi unaoanzia kwenye misitu hii ndio unaoteremka kujaza bwawa la Mabayani, ambako watu wa Tanga mjini wanapata maji yao.

Nilikuwa nakwenda kukaa kwa mzee mmoja anayejulikana na ukoo wetu, mganga wa mitishamba, aliyekubali kunifundisha kwa masharti yake. Ameomba nisiandike jina lake, basi nitamwita Babu kama wote pale kijijini wanavyomwita. Nilipomwamkia "Shikamoo Babu," aliitika marahaba, akanishika mkono akaugeuza, akaangalia kiganja na kucha. "Kucha hizi kata," akasema. "Jani linasomwa kwa ncha ya kidole."

Mwanzoni hakunifundisha ugonjwa hata mmoja. Alinifundisha mimea. Tulikuwa tunatoka umande ukishakauka, tukizunguka shamba lake la iliki na mdalasini na vichaka vya pembezoni. Ndani ya hifadhi hakugusa kitu, maana huko huchumi bila kibali, na yeye hilo analishika sana. Alikuwa ananiambia nifumbe macho, kisha ananiwekea jani mkononi. Je, upande wa chini una vinyweleo? Kingo zake ni laini au zina meno? Ukivunja kikonyo, kinatoa maji au utomvu mweupe? Baada ya hapo ndipo nilifikicha na kunusa. Kivumbasi ni rahisi, harufu yake hukaa vidoleni mpaka jioni. Jani la mpera nililijua kwa mishipa yake iliyotuna upande wa chini. Kuonja kulikuja mwisho kabisa, na kwa mimea michache aliyoitaja mwenyewe.

Kando ya njia ya kwenda kisimani alinisimamisha mbele ya mnanaha. Maua yake meupe yamechongoka kama tarumbeta, na tunda lake limejaa miiba. Mmea huu unaweza kumfanya mtu aweweseke, moyo uende mbio, na hata kumuua. "Mti wa dawa ukiusahau, mgonjwa atakwenda kwa mwingine," alisema Babu. "Huu ukiusahau, umezika mtu." Hatua chache mbele kulikuwa na mbarika na mbono kaburi. Mbegu za yote miwili ni sumu zikitafunwa, na watoto huzichezea. Alinirudisha pale mara nyingi, hata siku ambazo hatukuwa na shida ya kupita njia ile.

Somo la magome ndilo lililonikaa zaidi. Tulikuwa na mti mmoja mnene mwisho wa shamba, nao ulikuwa na makovu ya zamani, marefu na membamba, yote yamefunga vizuri. Babu alichagua sehemu isiyo na kovu, akapiga panga kwa juu, akapiga kwa chini, kisha akabandua kipande chenye upana wa vidole viwili kwa urefu wa mkono. Kwa nje gome lilikuwa la kijivu na ukungu, kwa ndani jekundu na lenye unyevunyevu. Akanipa nijaribu kando yake, akiwa amenishika kifundo cha mkono ili panga lisiingie kwenye mti wenyewe. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani, kwa hiyo mti ukibanduliwa kuuzunguka wote, mizizi inakufa njaa na mti unakauka umesimama. Miti iliyouawa hivyo nimeiona mahali pengi, na kila mara inaniuma, kwa sababu aliyeibandua alipata gunia moja na waliomfuata hawakupata kitu. Na mizizi ni vilevile: unafukua pembeni, unakata mzizi mmoja wa ubavuni, mzizi mkuu huugusi, na shimo unalifukia kabla hujaondoka.

Nyumbani kazi ni ya subira. Majani yanaanikwa kivulini juu ya nyungo, kwa sababu jua kali huondoa harufu, na harufu ikiondoka dawa nayo imepungua. Unayageuza asubuhi na jioni. Kikonyo kikikatika kwa mlio, yamekauka. Kikipinda tu, yarudishe, la sivyo yataota ukungu mfukoni. Magome na mizizi huchemshwa kwa muda mrefu. Majani yenye harufu humwagiwa maji ya moto na kufunikwa, basi.

Siku moja tulitembea mpaka kwenye bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ambako walipanda mikwinini. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, magome ya mikwinini ya huku ndiyo yaliyotumika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, ya askari wao. Nilitegemea Babu aniambie anavyoitumia. Akasema haitumii. Gome la mti huu na la ule havilingani nguvu, na kwinini ikizidi masikio huvuma, macho hufifia na moyo huvurugika. Hana mizani ya kupima kilichomo ndani, na asichoweza kukipima hampi mtu.

Niliona maana ya maneno hayo jioni moja. Mama mmoja alikuja amembeba mtoto mgongoni, ana homa tangu jana yake. Babu alimuuliza: ananyonya? Amekojoa? Ametapika mara ngapi? Akamwekea mtoto mkono shingoni, akamvuta kope kidogo, akaangalia weupe wa ndani. Hakugusa hata mkoba mmoja wa dawa. Alimtuma mjukuu wake akaite bodaboda, akatoa nauli mfukoni mwake na kumwambia mama aende zahanati usiku uleule akapime malaria. Mama alisihi apewe hata ya kupoza tu njiani. Babu alikataa kwa upole, akasimama mpaka pikipiki ikaondoka. Nimesikia watu wakiwadharau waganga wote kwa pamoja, na wengine wakiwasifu wote kwa pamoja. Kwangu mimi, mganga anayejua mwisho wa dawa yake ndiye wa kufundishwa naye.

Nilipoaga, Babu alinipa miche ya kivumbasi na mchaichai nikapande, na ruhusa ya kuandaa vitu viwili tu: maji ya mchaichai, na kivumbasi cha kufukizia mbu. Kumpa mtu mwingine dawa ya gome au mzizi hajaniruhusu bado. Masika yakiisha nitarudi, tuanze mizizi, na tayari nimeshaomba likizo kazini.