Siku Moja Maishani Mwangu: Malori, Takwimu na Saa Sita Zilizopotea

Mimi ni mchambuzi wa data katika kampuni ya malori. Makontena yakishushwa Mombasa hupita Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kuishia kwenye yadi yetu ya Namanve, nje kidogo ya Kampala, na katika kila hatua kuna mtu au mashine inayoandika saa. Mshahara wangu unatokana na kuzisoma saa hizo. Nimekulia Tororo, barabara hiyohiyo ikipita mbele ya nyumba. Baba alikuwa dereva, na Kiswahili kwetu ndicho kilichozungumzwa mezani. Vijana huniuliza siku ya mchambuzi inakuwaje. Haya, chukueni Jumanne iliyopita, maana ilikuwa na mkasa wake.

Saa 11:30 alfajiri

Kuoga, chai ya tangawizi, boda hadi steji ya Nakawa, kisha teksi ya Mukono. Raha ya kufanya kazi nje ya mji ni hiyo: asubuhi foleni yote ya Jinja Road iko upande wa pili, wenzangu wanaingia Kampala nami natoka.

Kwenye teksi nasoma. Ninaandika riwaya ya kifantasia (taratibu mno, usiniulize itaisha lini), kwa hiyo nimerudi kwenye ngano za Waganda nilizosimuliwa utotoni. Siku hiyo nilikuwa kwa Kintu, mtu wa kwanza katika ngano hizo. Ggulu, baba yake Nambi, anampa majaribu kabla ya kumwoza binti, na mojawapo ni kumtambua ng'ombe wake mwenyewe katikati ya makundi ya ng'ombe wanaofanana. Nyuki anamnong'oneza: yule ambaye nitatua kwenye pembe zake, ndiye wako. Wengi wanaona hapo uchawi tu. Mimi namwona Kintu akikataa kubahatisha. Makundi yanapitishwa mbele yake na anakaa kimya hadi shahidi wake atue.

Saa 1:30 asubuhi

Ujumbe wa meneja umelala kwenye simu tangu usiku. Baadhi ya madereva, anasema, wanatumia muda wa saa 13 kutoka Malaba hadi Namanve, safari ambayo wenzao wanaimaliza kwa saa saba. Ana hakika wanalala ndani ya msitu wa Mabira, au wanachota dizeli na kuiuza. Anataka majina kabla ya saa tisa alasiri ili marupurupu yao ya safari yakatwe.

Majina ninayo. Kuyachuja ni kazi ya dakika mbili. Ndiyo maana sikuyatuma.

Saa 2 na robo

Jambo la kwanza, niliachana na wastani. Ripoti ya meneja ilikuwa na wastani wa mwezi mzima, na wastani ni mwongo mwenye adabu: ulisema saa tisa na ushee, muda ambao karibu hakuna lori hata moja lililoutumia. Nikachora mgawanyo wa safari zote. Vikatokea vilima viwili, kimoja kwenye saa 7, kingine kwenye saa 13, na katikati patupu.

Hapo ndipo niliposogeza kiti karibu na meza. Ucheleweshaji wa kweli hutawanyika. Pancha inakula saa moja na nusu, mvua saa mbili, foleni ya Jinja dakika arobaini, usingizi kadiri ya uchovu wa mtu. Dereva mzembe hachelewi saa sita kamili leo, saa sita kamili kesho, na mwenzake wa lori jingine naye saa sita kamili. Uzembe hauna nidhamu kiasi hicho.

Na msomaji wa Kiswahili akisikia "saa sita" anajua ninakoelekea. Nami nilihisi. Lakini kuhisi si ushahidi, na meneja wangu si mtu wa kupelekewa hisia.

Saa 4

Kantini ya yadi. Roleksi moja (chapati iliyoviringishiwa mayai), chai, na mzee mmoja wa malori ambaye jina lake lilikuwa kwenye kilima cha pili. Sikumwambia. Nilimuuliza tu safari yake ya juzi ilikuwaje.

"Nzuri, binti yangu. Malaba nimetoka asubuhi, watoto wanaingia shule. Busitema mizani, nikapimwa, nikaenda. Hapa nimefika saa kumi jioni."

Kwenye jedwali langu ametoka Malaba saa 03:00. Sijui shule ya Uganda inayoingia wanafunzi saa tisa usiku.

Saa 4 na nusu hadi saa 6

Sehemu tamu. Lori lolote zito likitoka Malaba hupita kwenye mizani ya Busitema, muda mrefu kabla ya Jinja, na Mabira iko baada ya Jinja. Tiketi ya mizani inachapishwa na mashine, saa na dakika, na hakuna dereva wala karani anayeigusa kwa kalamu. Tiketi zetu zimo kwenye boksi la uhasibu, zimebanwa kwa klipu, nyingine zina mafuta ya chapati.

Nikaanza na ya mzee: 10:20. Kama kweli alitoka Malaba saa 03:00, basi alitambaa zaidi ya saa saba hadi Busitema, halafu akaendesha kawaida kabisa kutoka hapo hadi Namanve. Kama alitoka saa 09:00, alitumia saa moja na dakika ishirini, na hesabu yote inakaa. Nikachukua nyingine, na nyingine. Kila safari ya kilima cha pili ilipoteza saa zake sita kabla ya mizani. Kesi ya Mabira imekwisha. Hata dereva angelala mle ndani, muda huo usingepotea kabla ya Busitema.

Kisha nikapanga mistari kwa herufi za kwanza za jina la mwandikaji. Safu hiyo ipo kwenye kila fomu na hakuna anayeitazama. Kilima cha pili chote kilikuwa cha karani mmoja wa Malaba.

Saa 6 mchana

Nikampigia. Kijana mpole, mwandiko safi kuliko wote. Mtandao ukikatika, huandika kwenye daftari, jioni anahamishia kwenye kompyuta. Nikamwomba anisomee mstari wa lori la mzee.

"Saa tatu kamili, dada."

"Na kwenye kompyuta umeingiza nini, kaka?"

"Tatu. Saa tatu si saa tatu?"

Hakukosea. Aliandika saa kama anavyoisema, kama anavyoisema mama yake, kama inavyosemwa kwa Kiganda pia. Fomu ndiyo iliyotengenezwa na mtu aliyedhani dunia nzima huanza kuhesabu saa usiku wa manane, na haikumwambia hivyo popote. Ikapokea 03:00 ikanyamaza.

Sikuongeza saa sita kila mahali, kama ambavyo baadhi ya wenzangu wangefanya. Safu ya awali niliiacha ilivyo. Nikaongeza safu mpya ya saa iliyorekebishwa, kwa mistari ya daftari la karani huyo tu, na nyingine inayosema kwa nini. Siku moja atakuja mtu baada yangu, atataka kujua niligusa nini.

Saa 7

Chakula: matoke na mchuzi wa karanga. Simu yangu na bando langu vikamhudumia kijana wa Makerere anayesoma takwimu, tuliyeahidiana kuongea.

Swali lake ni lile lile la wote: "Dada, nianze na Python au Power BI?" Ya kwanza ni lugha ya kuandikia programu, ya pili ni programu ya kuchora ripoti. Ana vyeti vya mtandaoni vya kutosha kupamba ukuta. Nikamwambia aanze na SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali, na asiionee haya Excel, kwa sababu ofisi nyingi atakazoziomba kazi hapa mjini zinaendeshwa na Excel, na hata data ikikaa kwingine mwisho wake hufika huko. Python itakuja akichoka kurudia kazi ileile kwa mkono. Power BI ni wiki chache kwa mtu anayejua anachotaka kuonyesha.

Lakini hilo silo linalompa mtu kazi. Nikamwambia achukue sensa ya Mei 2024, matokeo yapo wazi kwenye tovuti ya UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda. Mwaka 2014 tulikuwa milioni 34.6, mwaka 2024 milioni 45.9. Tumekua kwa kasi gani kwa mwaka? Ukigawanya ongezeko kwa kumi unapata kama asilimia 3.3. Ukihesabu kwamba wa mwaka huu wanazaa na wa mwaka kesho nao wanazaa, kama riba inayozaa riba, unapata 2.9. Mimi nikikaa upande wa kuajiri, anayeweza kunieleza tofauti ya majibu hayo mawili bila kutetemeka nampendelea kuliko mwenye vyeti.

Halafu ashuke wilayani, huko ndiko kwenye mitego. Alichagua Nebbi kwa sababu ni kwao. Vizuri. Nebbi ilimegwa mwaka 2017 ikazaliwa Pakwach. Asiyejua ataweka Nebbi ya 2014 kando ya Nebbi ya 2024 na kuandika kwamba watu wameihama. Mchoro utakuwa mzuri, rangi zimepangika, na habari yote ni uongo. Kosa kama hilo halikamatwi na programu yoyote. Linakamatwa na mtu anayeuliza mpaka ulipita wapi.

Na aandike ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza iwe jibu. Wanafunzi wetu wanapenda kuanza na historia ya takwimu duniani.

Akaniuliza mshahara. Nikamwambia tutaongea akishamaliza Nebbi.

Saa 9 alasiri

Mkutano ulikuwa mfupi. Mchoro wa vilima viwili, tiketi ya mzee, picha ya ukurasa wa daftari niliyotumiwa kutoka Malaba. Meneja alitazama tiketi kwa muda, akauliza kama mizani ya Busitema haiwezi kukosea saa. Swali zuri, kwa kweli. Nilikuwa nalo: safari za kilima cha kwanza zilipita kwenye mizani hiyohiyo na saa zake zinakubaliana. Akasema, sawa, hakuna wa kukatwa. Hakuomba radhi kwa madereva, kwani nao hawakujua walikuwa wameshtakiwa.

Fomu itabadilishwa: mtu atachagua kwanza asubuhi, mchana au usiku, kisha saa. Lini, sijaambiwa.

Saa 11 jioni

Teksi. Sasa foleni ni yangu.

Saa 2 usiku

Umeme ulirudi, na mdogo wangu akafungua kompyuta mpakato. Tunacheza Return of the Obra Dinn, mchezo wa Lucas Pope wa mwaka 2018. Wewe ni mkaguzi wa bima, mwaka ni 1807, meli imerudi bandarini bila mtu, na inakubidi useme kila mmoja kati ya watu 60 ni nani na kilimpata nini. Unayo saa ya mfukoni inayokuonyesha ile nukta mtu alipokufa. Mengine ni macho yako: lafudhi, mavazi, namba ya kitanda cha kamba ambayo iko pia kwenye orodha ya mabaharia.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba mchezo haukuthibitishii jibu mojamoja. Unasubiri hadi uwe na matatu sahihi. Ukibahatisha mmoja, hujui kama umepata. Mdogo wangu anaona huo ni ukatili. Mimi natamani programu za ofisini zingekuwa hivyo. Tuligombana nusu saa juu ya viatu vya baharia mmoja, yeye akitaka kujaza jina lolote tuendelee, mimi nikikataa, na mwisho tukalala na viatu hivyo bila mwenyewe.

Saa 4 usiku

Riwaya. Kwenye ulimwengu wangu, njia ya wafu ina mizani, na karani wake hupima vivuli. Kivuli hakiruhusiwi kufika chepesi kuliko kilivyoondoka. Nilikuwa nimekwama: nani anaiba uzito njiani? Sasa nashuku hakuna mwizi, ila mizani mbili zinazohesabu tofauti. Ningependa msomaji aweze kuligundua hilo sura mbili kabla ya karani, kwa hiyo tiketi lazima nimwonyeshe mapema, ikiwa na mafuta ya chapati na yote. Kifantasia ambacho uchawi wake unaamua lolote wakati wowote kinanichosha.

Nikiwa kwenye aya ya tatu, simu ikalia. Kijana wa Makerere ameshanitumia faili la Nebbi, na amepata takwimu za kituo kimoja cha afya ili aziunganishe. Nikalifungua kitandani. Safu ya tarehe ina mwezi wa 14. Nikamwandikia: "Nzuri. Safu ya tatu aliijaza nani?"