Siku moja maishani mwangu: sura ya 60, ubao mmoja

Saa 12:00 asubuhi

New Bedford, Marekani, bado giza. Leo nachonga picha ya kuchapa ya sura ya 60 ya Moby-Dick, riwaya ya kuwinda nyangumi, na ubao wangu ni linoleamu, zulia gumu la sakafu linalochongeka. Mwezi wa Januari, linoleamu iliyolala kwenye karakana isiyo na moto huvunjika kama biskuti ukiipinda, na patasi ikipita inamega kingo za mistari. Kipande cha leo ni sentimita 30 kwa 40, unene milimita 3.2. Kinakaa karibu na hita dakika 20 bila kuigusa. Kikizidi joto kinakuwa laini mno na mstari mwembamba unakatwa zaidi ya ulivyokusudia.

Saa 1:00 asubuhi

Kabla ya kalamu, kusoma, tena kwa sauti. Kila Januari jumba la makumbusho la nyangumi la mji huu hukisoma Moby-Dick chote mbele ya watu, takriban saa 25 mfululizo, wasomaji wakipokezana usiku kucha. Aliyesikiliza pale anajua kwamba kuna sura ambazo jicho huziruka lakini sikio haliziruki. Sura ya 60 ni mojawapo. Haina tukio lolote. Ni kamba tu, ile inayofungwa kwenye chusa, mkuki wa kumchoma nyangumi.

Herman Melville, mwandishi wa kitabu, anaipima kama fundi: unene theluthi mbili za inchi, nyuzi 51, nguvu ya kubeba karibu tani tatu, urefu zaidi ya pima 200. (Pima ileile ya wavuvi wetu, mikono miwili iliyonyooshwa.) Alijua anachokisema. Januari 1841 aliondoka bandari hii hii na meli ya kuvua nyangumi iitwayo Acushnet.

Usomaji wa pili naufanya nikiwa na uzi wa mkonge na sanduku lenye vijiti vitano kama makasia. Kamba imezungushwa ndani ya pipa pana upande wa shetri (nyuma ya mashua), tabaka juu ya tabaka, kwa sababu pindi moja ikijikunja vibaya itang'oa mkono au mguu wa mtu inapofyatuka. Inatoka kwenye pipa kwenda nyuma kwanza, inazunguka kigingi cha shetri, ndipo inarudi mbele urefu wote wa mashua, ikipita juu ya mpini wa kila kasia na kugusagusa kifundo cha mkono wa kila mpiga kasia. Inafika omo (ncha ya mbele), inapita kwenye mfereji uliozuiwa kwa kijiti chembamba, inaning'inia nje kidogo, inaingizwa tena ndani, pima 10 au 20 zinakunjwa pale mbele, na mwisho wake unaungwa na kipande kifupi kilichofungwa kwenye chusa.

Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Mchoraji anaipeleka kamba moja kwa moja kutoka pipani hadi kwenye chusa, pembeni mwa mashua, haimgusi mtu. Picha inakuwa safi na sura inakufa. Kinachoelezwa ni watu sita walioketi ndani ya vitanzi. Katika sura ya 135 kamba inapomnasa nahodha Ahab shingoni na kumtoa mashuani kabla hajatamka neno, aliyeiona njia yake mapema haulizi imemfikiaje.

Saa 3:00 asubuhi

Mchoro wa penseli. Nyangumi atakuwa mbali, mdogo, lakini hata huyo mdogo ana mtihani wake, kwa kuwa sura za 55 hadi 57 Melville anawahukumu wachoraji wa nyangumi mmoja mmoja, na wengi anawaangusha. Kwa hiyo, kwa nyangumi wa aina ya kitabu hiki (sperm whale): kichwa ni karibu theluthi ya mwili, kimekatika mbele kama gogo. Taya la chini jembamba. Jicho liko nyuma sana, karibu na pembe ya taya. Mkia umelala, haukusimama kama wa samaki. Pumzi hutoka mbele kabisa, upande wa kushoto, na huruka kwa mshazari.

Rafu iliyo juu ya meza ina njia mbili za kujibu kitabu hiki. Rockwell Kent, toleo la 1930, ana michoro 280 hivi ya kalamu na wino ambayo wengi huidhani michongo ya mbao, kwa jinsi nyeusi yake ilivyo nzito. Barry Moser, 1979, alichonga kweli: michongo 100, meli, zana na nyangumi, na uso wa Ahab haumo. Naona Moser alitendea haki zaidi sura kama ya leo.

Saa 4:30 asubuhi

Kugeuza. Chapa hutoka kinyume, kushoto inakuwa kulia. Ukisahau, pumzi ya nyangumi inahamia kulia na makasia yanakosewa: mashua hizi zilikuwa na matatu ubavu wa kulia na mawili wa kushoto. Mchoro unalazwa kifudifudi juu ya karatasi ya kaboni, unafuatishwa, kisha linoleamu inapakwa wino mwepesi wa kahawia ili kila mkato uonekane.

Saa 5:00 hadi 9:00 alasiri

Kuchonga. Patasi ya mdomo wa V kwa kamba, ya U kwa bahari. Mkono wa kushoto hukaa nyuma ya ncha daima. Kila nusu saa, patasi inapitishwa kwenye ngozi ya kunolea. Ukianza kusukuma kwa nguvu, ujue imekufa makali na karibu itateleza.

Saa 10:00 jioni

Wino wa mafuta unatandazwa kwenye kioo kwa rola mpaka utoe sauti nyembamba. Ukisikika kama matope, umezidi, na nyuzi za kamba zitajaa na kuwa mstari mmoja mnene. Karatasi nyembamba ya Kijapani, kisha mgongo wa mwiko wa mbao kwa mizunguko midogo, kutoka katikati kwenda nje. Chapa ya kwanza ina madoa meupe. Ya tatu inashika.

Saa 1:00 usiku

Wasomaji wanne wanakuja kuitazama, na wanaipima kwa kitabu mkononi. Wamekuta kosa: mwisho wa chini wa kamba. Melville anasema una kitanzi kilichofumwa, kimening'inizwa ukingoni mwa pipa bila kufungwa popote, ili kamba ya mashua nyingine iunganishwe, na ili nyangumi akiimaliza kamba yote asiivute mashua chini. Mimi nimekichonga kikiwa kimezama ndani ya pipa.

Kilichokatwa hakirudi. Dawa ni kutoa mraba wa sentimita 2, kukata kipande kipya cha kukaa humo bila mwanya, gundi kidogo chini, na kuulaza ubao chini ya uzito hadi asubuhi. Kiraka kikisimama juu hata nusu milimita kitapokea wino mwingi kuliko jirani zake, kwa hiyo nakipitishia rula mara tatu kabla ya kuweka jiwe juu yake.