Nilivyoizuia anodi ya MoS2 isife mapema

Grafaiti, ile kaboni ya tabaka iliyo anodi (upande hasi) ya betri ya simu yako, haifai kitu kwenye betri ya sodiamu yenye elektroliti ya kawaida, yaani kimiminika kinachopitisha ioni. Ioni ya sodiamu ni nene kuliko ya lithiamu, na haitulii kati ya tabaka za grafaiti. Ndiyo maana kwenye utafiti wangu wa uzamili nilikimbilia salfaidi ya molibdenamu, MoS2. Tabaka zake zimeachana kwa takriban nanomita 0.62, karibu mara mbili ya grafaiti, na kwa hesabu za karatasini gramu moja hubeba chaji ya mAh (miliampea-saa) 670.

Kuitengeneza si shida. Unayeyusha molibdeti ya sodiamu na thayourea kwenye maji, unafungia ndani ya chombo cha chuma chenye bitana ya tefloni, kisha oveni ya nyuzi 200 kwa saa 24. Ukikifungua, kiwe ndani ya kabati la kufyonza hewa: ile harufu ya mayai viza ni haidrojeni salfaidi, nayo ni sumu. Kwenye hadubini ya elektroni niliona vikaratasi vyembamba vilivyojikunja mfano wa kabichi. Picha zinavutia, na wengi wetu huzisifia kuliko zinavyostahili.

Kasheshe ni kwenye kupima. Chaji ilianza juu, ikaporomoka mzunguko baada ya mzunguko. Volti ikikaribia sifuri, MoS2 huvunjika ikawa molibdenamu na Na2S (salfaidi ya sodiamu). Unga unavimba, unapasuka, unabanduka kwenye foili ya chuma uliyopakwa. Juu ya hayo, misombo ya salfa inayozaliwa hapo huishambulia elektroliti ya kaboneti, ile ya kawaida.

Basi nikaweka kikomo cha chini: volti 0.4. Hapo sodiamu inaingia na kutoka kati ya tabaka bila kuzivunja. Kaboneti nikaiacha, nikatumia NaPF6, chumvi ya sodiamu, ndani ya kimiminika kiitwacho daiglaimu, ambayo ni etha na haigombani na salfa kiasi kile. Mstari wa grafu ukatulia.

Msimamizi wangu alinung'unika, maana zaidi ya nusu ya ile 670 ilikuwa imeondoka.

"Profesa," nikamwambia, "ile 670 hatukuwahi kuwa nayo zaidi ya siku chache."

Alicheka, akaniruhusu niendelee. Foili niliyopaka unga ni ya aluminiamu, kwa sababu sodiamu haiungani nayo kama lithiamu inavyofanya. Shaba, ambayo ni ghali zaidi, sikuihitaji.