Baba, Wacheka Nini?

Siku mtihani wa mwanangu ulipofutwa, nilicheka. Sikutoa sauti, ni midomo tu iliyofunguka yenyewe kabla sijaiwahi. Lakini nilikuwa nimekaa tezi, nyuma ya mashua, na usukani mkononi, naye alikuwa omo, mbele, ameelekea kwangu, kwa hiyo hakuna kilichompita.

Ilikuwa Jumanne, Julai 7, 2020, magharibi inakaribia, tukitoka Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, kurudi Lamu.

Kabla ya korona mimi nilikuwa mtu wa wageni. Mashua yangu ilikuwa na mito ya kukalia na turubai jeupe la kivuli, na kazi yake ilikuwa kuwapokea watu kwenye uwanja wa ndege wa Manda na kuwavusha hadi Shela, au kuwazungusha Takwa na Matondoni wakitaka kuona magofu na majahazi yanavyoundwa. Machi 15 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe. Siku kumi baadaye ndege za nje zikasimama, na majumba ya Shela yakabaki na walinzi na paka. Mito nikaipandisha darini. Nikakopa mishipi na ndoana kwa muuzaji mmoja wa Langoni anayenijua tangu utoto, nikawa mvuvi kwa lazima.

Na wakati wenyewe haukuwa wa kuanza uvuvi. Kusi, upepo wa kusini, lilikuwa linaingia. Likivuma sawasawa, chombo kidogo kama changu hakitoki nje ya mwamba, na samaki wa ndani wanagombaniwa na kila mtu aliyepoteza kazi kama wewe. Nilijua bahari ya kupitisha wageni. Bahari ya kutafuta samaki kama changu na tafi ni nyingine, na inataka mikono.

Mikono nilikuwa nayo nyumbani. Kifungua mimba wangu alikuwa darasa la nane, na Novemba ya mwaka ule ndiyo alikuwa afanye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wiki za kwanza mamake alimwekea redio kila asubuhi asikilize masomo ya KBC, redio ya taifa. Nilikaa naye mara mbili tatu. Mwalimu wa redioni anauliza swali, anasema, "Umepata jibu?" kisha, kabla hujainua kalamu, "Vizuri sana!" Mwanangu akawa anamjibu redio, "Sijapata, ngoja!" Sisi tunacheka. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyecheka tena, na betri zikahamia kwenye tochi ya mashua. Mimi kumsaidia siwezi. Shule niliiacha darasa la sita, na hesabu ninazozijua ni za mafuta na masaa ya maji.

Basi nikaanza kumchukua baharini. Mwanzo Jumamosi tu, kisha siku yoyote yenye bamvua nzuri, maji yanapojaa na kupwa sana.

Mtu wa tatu katika chombo alikuwa Mwalimu. Kijana wa bara, alikuwa akifundisha hesabu pale shuleni kwa mwanangu, ila hakuwa wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Bodi ya shule ndiyo iliyomwajiri na kumlipa kwa michango ya wazazi, na shule ilipofungwa, mshahara nao ukafungwa siku ile ile. Alikuwa amepanga chumba uchochoro wa pili kutoka kwetu. Mwezi wa Mei alibisha hodi. Nilidhani amekuja kukopa unga. Akaniambia, "Nahodha, huhitaji mtu wa kufua maji, kuyatoa chomboni?"

Kuogelea hajui. Siku za kwanza alitapika mpaka nikamwonea haya, maana mwanangu alikuwa akimtazama mtu aliyekuwa akimwogopa darasani akiwa ameinamia ubavuni. Lakini hakukosa siku hata moja. Tukishatia nanga, mishipi iko majini, alimtolea mtoto maswali. Nakumbuka moja: mashua inakwenda kilomita 12 kwa saa ikifuata maji, na kilomita 8 ikiyapinga. Kasi ya maji ni ngapi? Mwanangu akamuuliza, "Bamvua au maji mafu?" Maana siku za maji mafu mkondo hauna nguvu. Mwalimu akakaa kimya, halafu akasema hilo swali ni zuri kuliko la kitabuni, lakini kwenye mtihani usiliulize, andika mbili.

Samaki tulikuwa tukigawana kama wanavyogawana wavuvi wote: unatoa mafuta na chambo, kinachobaki kinakuwa mafungu. Fungu la chombo, langu, la Mwalimu, la mwanangu. Mafungu manne, na matatu yanaingia nyumba moja. Hesabu hii sikufundishwa na mtu.

Jumatatu Julai 6 Rais alihutubia. Kuanzia tarehe 15 ndege za ndani zingeruka, na Agosti 1 za nje. Vijana wa mashua walishangilia kama timu yao imefunga bao. Misikiti nayo ingefunguliwa, watu wasiozidi mia, saa moja tu, na wasiingie watoto wa miaka 13 kwenda chini wala watu wa miaka 58 kwenda juu. Mzee wangu, ambaye sijapata kumwona akikosa sala ya jamaa akiwa mzima, alisikiliza hadi mwisho. "Yaani mimi na watoto wa chuo cha Kurani tumetiwa fungu moja," akasema, akaingia chumbani kwake.

Usiku ule sikulala kwa mipango. Mashini ilitaka plagi mpya. Mito ilitaka kufuliwa. Na chini ya mipango yote lilikuwapo lile nililokuwa nikilikimbia tangu Januari: mtoto akipasi, nitampeleka wapi, na kwa pesa gani? Shule za kitaifa zilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na sanduku, godoro, sare na nauli. Kama anafanya mtihani Novemba, basi muda wangu ni miezi michache, na mgeni wa kwanza hajatua bado.

Asubuhi yake tuliondoka saa kumi na nusu, nusu saa baada ya kafyu kwisha, maji yakiwa yanajaa. Mkanda hupiti upendavyo. Maji yakitoka unakwama kwenye tope hadi yarudi. Tulipita vizuri, tukashinda upande wa juu wa Manda, gati jipya la bandari ya Lamu, kule Kililana, likionekana kwa mbali. Upepo mwingi, samaki si wengi. Kwenye sehemu zile simu ya Mwalimu ilikuwa haishiki. Aliifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni na kuitia kwenye ndoo ya chakula.

Jioni maji yalipojaa tena tukarudi. Tulipoanza kuiona minara ya mji, ndoo ikaanza kutetemeka. Ujumbe juu ya ujumbe, kama mtu anagonga mlango. Mwalimu akaifungua mifuko. Akasoma. Akarudi mwanzo akasoma tena. Halafu akatusomea kwa ile sauti ya darasani: Waziri wa Elimu, Profesa Magoha, ametangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umehesabiwa kuwa umepotea. Darasa la nane na kidato cha nne hawatafanya mtihani mwaka huu. Shule kufunguliwa Januari, na kila mtoto arudie darasa lake.

Mwanangu akauliza, "Mpaka mimi?"

"Wote," Mwalimu akasema.

Hapo ndipo nilipocheka. Nisijipambe: nilihesabu upesi kuliko nilivyopata kuhesabu maishani. Mwaka mzima wa kutafuta karo. Ndege wiki ijayo. Mafungu matatu hadi Desemba. Lile jiwe la 53,554 likashuka kifuani, na midomo ikafunguka.

"Baba, wacheka nini?"

"Sicheki. Jua laniingia machoni."

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mikoko ya upande wa Mokowe. Akageuza uso.

Mwalimu hakuniona. Alikuwa akiirudisha simu mfukoni mwake, mfuko wa kwanza, mfuko wa pili, fundo. Mimi nilifikiri anaogopa maji. Baadaye sana ndiyo nilielewa kwamba alikuwa na hesabu yake: Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Tulipofunga kamba gatini alichukua fungu lake, akaliangalia, akarudisha samaki mmoja kwenye kapu. "Huyu wa kijana," akasema. "Leo alipata maswali yote."

Nyumbani mamake alikuwa amesikia. Alimkuta mwanawe akihesabu sehemu yake, shilingi 450, akamwambia akaoge. Kisha akanifuata barazani. Mke wangu si mtu wa kupandisha sauti. Alisema, "Mwezi wa tisa anatimiza miaka kumi na tano. Mtoto wa miaka kumi na tano ukishamwonjesha noti, daftari atalikumbuka kwa nini?" Nikamjibu kwamba serikali ndiyo iliyofuta mtihani, si mimi. Jibu sahihi kabisa. Akaniacha nalo.

Tarehe 15 ndege ziliruka kweli, karibu tupu. Wageni wa Agosti nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tukaendelea na bahari. Mwalimu aliondoka mwezi ule ule wa Agosti, akaenda kwao kulima. Kwa wiki kadhaa alituma swali moja moja kwa ujumbe kwenye simu yangu, nami nikimsomea mwanangu tukiwa chomboni. Mwanzo alijibu. Kisha akawa anasema, "Mwambie nitafanya usiku." Kisha nikaacha kumsomea, na hili ni langu, si la serikali. Mtoto alikuwa amekuwa baharia mzuri. Alisikia mashini ikikohoa kabla yangu. Alinunua simu yake ndogo. Nikimtazama alivyosimama omo, nilikuwa najivuna, na kujivuna kwenyewe kulinitisha.

Halafu serikali ikageuza tena. Ikatangazwa kwamba Oktoba 12 wanarudi gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, wengine wangoje Januari. Mwaka uliopotea ulikuwa umepatikana, na KCPE ikapangiwa Machi 2021. Mamake alipiga pasi sare siku tatu kabla. Jumapili usiku mwanangu akaniambia hataki kwenda. Akaeleza kwa adabu, kama mtu mzima anayejiuzulu: ataendelea na mashua, atanisaidia kusomesha wadogo zake.

Nikaanza maneno ya wazazi. Elimu, maisha, utakuja kujuta. Akanisikiliza, akasema, "Lakini wewe ulicheka."

Miezi mitatu alikuwa ameliweka. Nilitaka kumwambia tena kuhusu jua. Mzee wangu alikuwa amekaa pale na tasbihi yake, ameacha kuivuta.

"Nilicheka," nikamwambia. "Sikuwa na karo. Nilisikia mtihani hakuna nikaona nimepata nafasi ya kupumua. Sikucheka wewe kutosoma."

"Ungesema."

"Ningekwambia nini? Kwamba babako hana?"

"Hilo nilikuwa nalijua," akasema. "Mimi nilidhani umefurahi kunipata mimi."

Sijui mtu anamjibu nini mwanawe hapo, maana hilo nalo lilikuwa kweli. Nilikaa. Yeye ndiye aliyeinuka kwanza. Asubuhi alikwenda, amechelewa, barakoa imening'inia kidevuni. Hakusema amenisamehe wala sikumuuliza. Machi alifanya mtihani, Aprili Ramadhani ndiyo kwanza imeingia majibu yakatoka, akapata alama za kutosha kwenda shule ya bweni ambayo si ya kitaifa, na mzee wangu akauza mbuzi. Mwalimu nilimpigia simu. Akaniuliza hesabu alipata ngapi kabla hajaitikia salamu.

Ile Jumatatu ya Oktoba 12 lakini, saa kumi na nusu alfajiri, mashua ilikuwa inataka mtu wa omo. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeshapita kwa jirani. Alikuwa na kijana wa kidato cha pili, mwepesi, mwenye akili, ambaye darasa lake halikuwa limeitwa. Mamake alinishukuru sana. Nyumba ile ilikuwa imekaa vibaya kuliko yetu. Siku ya kwanza nilimpa fungu lake, shilingi 500, akazishika kwa mikono miwili.

Januari 4, 2021 shule zikafunguliwa kwa wote. Alfajiri ile nilishuka gatini, nikamkuta amekwisha fika, amefua maji, amepanga mishipi. Nilijua ni tarehe ngapi. Naye alijua. Akanisalimu, "Shikamoo, nahodha," nikamwitikia marahaba, akasukuma chombo, nikawasha mashini.