Nzi askari, wiki ya sita: sipangi tena kwa rangi

Nimefungua upya masanduku yote mawili ya nzi askari wangu waliokaushwa, kundi la nzi ambao baadhi yao huigiza nyigu. Tangu nianze nilikuwa nikiwapanga kwa rangi, weusi huku, wa njano kule, na jana usiku nikagundua kwamba safu ya weusi ina nyigu halisi. Nilihesabu mabawa kwa haraka. Nyigu ana manne, lakini la nyuma limeshikana na la mbele kwa vikulabu vidogo mno, hivyo akikauka unaona mawili tu. Nzi anayo mawili kweli, na nyuma yake kuna vijiti viwili vifupi vyenye vichwa vya mviringo.

Aliyenishika zaidi ni Hermetia illucens, nzi askari mweusi. Asili yake ni Amerika, siku hizi yuko sehemu nyingi za Afrika na watu wanamfuga ili mabuu yake yale taka. Kwa macho matupu ungeapa ana kiuno cha nyigu. Nilimweka mbele ya taa, nikashusha lenzi: hana. Fumbatio, yaani tumbo lake, ni pana tangu linapoanzia, ila hapo juu lina madoa mawili angavu kama vioo vya dirisha. Mwanga unapita kulia na kushoto, na weusi unaobaki katikati ndio tunaoudhani kiuno. Nilikaa naye karibu saa nzima. Hana mwiba wa kuchoma hata kidogo, lakini ndege aliyewahi kuchomwa na nyigu hatasogea kumchunguza kama nilivyofanya mimi.

Ptecticus, nzi askari mwingine, wa rangi ya chungwa, wembamba wake ni wa kweli, fumbatio limebanwa mwanzoni. Nilidhani yeye na Hermetia ni jamaa wa karibu kwa kuwa wote wanaigiza nyigu, kumbe huyu ni wa nusufamilia ya Sarginae na Hermetia ni wa Hermetiinae. Kinachomtambulisha Ptecticus ni kitu kidogo sana: pingili ya pili ya kipapasio ina kijidole upande wa ndani.

Sasa kila mdudu naanza na bawa. Mishipa ya nzi askari imesongamana ukingo wa mbele, na katikati kuna chumba kidogo kilichozungushiwa mishipa. Nikikiona hicho, najua niko kwenye Stratiomyidae, familia ya nzi askari. Kisha natafuta miiba nyuma ya kidari. Odontomyia, nzi askari mwingine, anayo miwili, Hermetia hana.

Wale wa kijani niliowakausha mwezi uliopita wamegeuka njano. Kesho naanza nao.